Bibi wa Masama Kwenye Blogu

Nyamazeni kidogo, wapendwa, ninyi mlioketi mbele na ninyi mnaoegemea mlango wa nyuma. Anayenong'ona na jirani yake amalizie, na mwenye simu mkononi ailaze kifudifudi, kwa maana neno la leo linaihusu. Kule Rau, mahali barabara inapokata kuelekea msituni, lipo benchi la mbao chini ya bati la duka lililofungwa. Hapo Primus huuza kahawa na kashata kila alasiri, na hapo huketi waamuzi watatu ambao hakuna aliyewateua. Wa kwanza ni Isack, mnunuzi wa kahawa mstaafu, aitwaye Spika kwa sababu hakuna anayenena kabla yeye hajamruhusu. Wa pili ni Remigius, aliyeongoza watalii mlimani mpaka magoti yakamkatalia, naye huitwa Kileleni. Wa tatu ni Godbless wa bodaboda, ambaye wenzake wamempa jina la Bando, kwa kuwa hajapata kukosa intaneti hata siku anayokosa petroli. Alasiri moja ya Aprili, mvua ya masika ikilipiga lile bati, alipita Eunike, binti wa kaka yake Isack, amekumbatia mkoba wa kompyuta kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Alikusudia kusalimu tu na kwenda zake.

— Shikamoo baba mdogo. Shikamoo meku Remigius, mzee wangu.

— Marahaba, alijibu Spika. Kaa hapa. Huo uso si wa mtu anayepita.

— Nina haraka, baba mdogo.

— Mwenye haraka hupewa kahawa ya moto ili apoe. Primus, mpe mtoto wa kaka yangu kikombe.

Eunike akaketi, maana kumkatalia baba mdogo mbele ya watu ni kazi kuliko kumtii. Akawaeleza. Utafiti wake wa shahada ya pili ulihusu namna watu wanavyoandika kwenye blogu juu ya wazee wanaoishi mlimani. Makala alizokusanya zilikuwa mamia. Sasa msimamizi wake chuoni alikuwa amemrudishia sura nzima na agizo moja: achague makala chache zinazowakilisha nyingine zote, na aeleze kwa nini hizo na si nyingine.

— Kesho asubuhi ndiyo mwisho, alisema. Nisipopeleka, nasubiri mwaka mwingine. Na kuna shirika linaloangalia wazee linasubiri huu utafiti, lijue kama huko juu kunahitajika watu wa kuwatembelea.

— Na wewe umeandika kunahitajika?

— Nimeandika hakuhitajiki sana. Makala zote zinasema mzee wa mlimani hakai peke yake.

— Amina, alisema Spika. Haya, kikao kimefunguliwa. Bando, anza, maana mambo ya mtandao ni kijiji chako.

— Dada, hiyo kazi ya dakika mbili, alisema Bando. Unaandika "bibi mgombani", zinazotokea juu ndio zenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Ya kwanza hapo ni ipi?

Bando akachungulia simu yake.

— Tangazo la kukodi gari aina ya Noah.

— Basi bibi yetu ni Noah, alisema Kileleni. Ana siti saba na kiyoyozi.

— Anayesomwa na wengi ndiye anayewakilisha wengi, Bando alishikilia. Wengi wape.

— Umbea nao unasomwa na wengi, alimjibu Spika. Sikilizeni. Sisi wa kahawa gunia hatukulimwaga lote chini. Ulikuwa unachukua bambo, ule mkuki wenye mfereji, unachoma gunia juu, unachoma katikati, unachoma chini. Punje zinazotoka ndizo gunia. Eunike, chukua makala ya juu, ya katikati na ya chini.

— Baba mdogo, mtandao hauna chini.

— Kila gunia lina chini yake. Mficha uchi hazai.

Hakuna aliyeelewa methali ile imeingilia mlango gani, lakini ilisemwa kwa uzito, nao wakaitikisia vichwa.

— Mangi Spika, wewe unaongelea gunia, na huu ni mlima, alisema Kileleni. Mlima una kanda zake. Kuna migomba, kuna msitu, kuna nyasi, kuna mawe, kuna barafu. Achukue makala moja kila kanda.

— Barafuni nani anaandika blogu? aliuliza Bando.

— Wapo. Na hao ndio wa kuaminiwa kuliko wote. Kule juu mtu hana pumzi ya kudanganya. Nimewaona kwa macho yangu. Mzungu akiwa hotelini anakwambia yeye ni mkurugenzi. Akifika kwenye mawe anakiri alifukuzwa kazi. Ningekuwa huyo msimamizi, ningepandisha waandishi wote, kila mtu aandikie huko.

— Na atakayezimia?

— Huyo makala yake ni fupi lakini ya kweli.

Hata Eunike alicheka, naye alikuwa hajacheka juma zima. Kilichomshangaza ni kwamba chini ya mizaha ile palilala swali lilelile la msimamizi wake: ni nani aliyepewa kinywa cha kusema kwa niaba ya nani? Akasogea karibu zaidi na wazee, akataka kusikia watafika wapi.

— Mimi naona tupige kura, alisema Bando. Hata mitume walipiga, ikamwangukia Mathiya. Andika vichwa vya makala kwenye vikaratasi, tawanya uani, mwaga mahindi juu yake, leta kuku. Anapodonoa, hapo hapo. Kuku hana upendeleo.

— Kuku wa nani? aliuliza Spika.

— Kuku yeyote.

— Hakuna kuku yeyote, Bando. Kuku wa Mlutheri atadonoa makala ya Mlutheri. Kalelewa humo.

— Basi aletwe wa Remigius.

— Wa kwangu ni Mkatoliki, hadonoi Ijumaa, alisema Kileleni. Haba na haba hujaza kibaba.

Oneni, wapendwa, jinsi mwanadamu awezavyo kulitafuta jambo kila upande isipokuwa upande aliouketia. Spika akapiga benchi kwa kiganja.

— Maneno yametosha. Eunike, tusomee makala moja unayoiona ni nzuri. Sisi ni watu wa mlimani. Ikifanana na kwetu, inawakilisha. Isipofanana, itupwe.

Eunike akaitafuta ile aliyoipenda kupita zote. Ilikuwa ya Ronald, mtoto wa shangazi yake aishiye Dar es Salaam, naye aliiandika juu ya Bibi Magreth wa Masama, mama mzazi wa Isack, bibi yake Eunike mwenyewe. Akasoma kwa sauti:

"Wanasema wazee wa mlimani wametelekezwa. Waje Masama waone. Asubuhi huwezi kuhesabu viatu mlangoni kwetu. Bibi ameketi kwenye kiti chake, wajukuu wanagombania kumpelekea mtori. Wanaume wako kule chini kwenye migomba wanachuna mbuzi, pombe ya mbege inapita mkono kwa mkono. Ng'ombe zizini hajui akubali majani ya nani. Bibi yetu hajui maana ya neno upweke."

Kileleni akaweka kikombe chini.

— Hiyo ni kwetu Kibosho, neno kwa neno. Badilisha jina la bibi tu.

— Na kwetu Marangu, alisema Bando. Mpaka huyo ng'ombe.

Macho ya Spika yalikuwa yamelowa, na hakutaka waone.

— Huyo ni mama yangu mnayemsoma, alisema. Mwenye macho haambiwi tazama. Wanaoafiki waseme ndiyo.

— Ndiyo.

— Wasioafiki?

Mvua ikajibu.

— Walioafiki wameshinda.

Eunike akahisi mzigo ukimshuka mabegani. Watu watatu wa vijiji vitatu wameiona nyumba yao ndani ya makala moja. Ushahidi gani tena wa uwakilishi angeutaka msimamizi? Akafungua kompyuta juu ya magoti, aanze kuandika sababu zake kabla hazijapoa.

Hapo ndipo alipofika Gladys na chupa yake ya chai, mwalimu mpya wa shule ya msingi aliyehamia mtaani mwaka huu akitokea mbali, Sikonge. Akawaamkia wazee, akampa Primus chupa aijaze kahawa.

— Karibu mwalimu, alisema Kileleni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwako leo ni kashata.

— Asante, baba. Nimewasikia mkisoma, nikasimama pale pembeni. Nimempenda sana huyo bibi. Sasa hivi yuko na nani?

— Nani, mama yangu? alisema Spika. Yuko na watu.

— Hao wa kwenye makala?

— Hao hao.

— Huyo aliyeandika naye yuko huko?

— Ronald yuko Dar, alisema Eunike. Alipanda Krismasi.

— Sisi wote tunapanda Krismasi, mwalimu, alieleza Bando kwa fahari. Desemba Mchagga anaenda nyumbani. Njoo ujionee, barabara yote ni magari.

— Nimeelewa. Sasa leo, na mvua hii, huyo ng'ombe anakatiwa majani na nani?

Spika akamtazama Kileleni. Kileleni akatazama magoti yake.

Eunike aliteremsha macho kwenye kompyuta. Chini ya kila kichwa cha makala, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo alikuwa ameziona mwaka mzima bila kuzisoma, palikuwa na tarehe. Ishirini na nne Desemba. Ishirini na saba Desemba. Pili Januari. Akafungua nyingine, na nyingine. Desemba ya mwaka juzi. Desemba ya mwaka uliotangulia. Alikuwa amebainisha umri wa waandishi, jinsia zao, hata urefu wa makala zao, lakini mwezi hakuuliza. Na angeuuliza vipi, yeye aliyezaliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba, ambaye tangu utoto neno nyumbani na neno Desemba yalilala kitanda kimoja?

— Bando, alisema kwa sauti ndogo, nitafutie ya Aprili. Hata moja.

Bando akatafuta. Alitafuta kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

— Kuna ofa ya kupanda mlima msimu wa mvua. Kuna Noah tena. Bibi hakuna, dada.

— Si mumpigie tu simu? alisema Gladys.

Spika akapiga. Akaishusha simu sikioni.

— Haipatikani. Huwa inachajiwa kwa jirani.

— Jirani yupi, baba?

Isack akaanza kulitafuta jina. Jirani pekee aliyemkumbuka alikuwa amekwisha zikwa, na udongo wa kaburi lile aliutupia kwa mkono wake mwenyewe. Na kutoka Rau hadi Masama, wapendwa, ni safari fupi isiyohitaji hata kumuaga mtu.

Wapelelezi waliotumwa kuikagua nchi ya ahadi walirudi na kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwa mti. Kichala kile hakikuwa cha uongo. Lakini walikwenda majira gani? Walikwenda siku zabibu za kwanza zinapoiva. Hakuna aliyetumwa kuitazama nchi ile mizabibu ikiwa mitupu. Ndivyo alivyokuwa Ronald, na ndivyo walivyokuwa wote wale mamia: walisema kweli ya msimu mmoja, nasi tukaiita kweli ya mwaka.

Eunike akaandika ujumbe kwa msimamizi wake, kisha akawasomea.

— "Mwalimu, makala nilizo nazo zinawakilisha Desemba, na zinawawakilisha walioziandika. Hazimwakilishi bibi aliyeandikwa. Kesho sitakuwa na za kukuletea."

— Dada, futa hiyo, alisema Bando. Ni mwaka mzima huo.

— Na shirika je? aliuliza Eunike. Liambiwe hakuhitajiki mtu?

Akatuma. Hofu ilimshika, sitawaficha. Lakini pamoja na hofu ile ilikuja hamu ambayo hakuwa nayo tangu aanze utafiti: hamu ya kujua Aprili ya bibi yake inafananaje, anaamkaje, anamsemesha nani. Alijua bibi anavyocheka katikati ya watu arobaini. Hakujua anavyonyamaza.

— Baba mdogo, mimi napanda sasa hivi, kabla giza halijaingia.

— Kule njia inateleza, alisema Spika, na papo hapo akaona aibu ya maneno yake. Akainuka, akaongeza: Ngoja nikavae buti. Tunakwenda wote.

— Tangu lini hujafika? Kileleni alimuuliza taratibu.

Isack alikwisha shika njia ya kwenda kuchukua buti, na Kileleni hakurudia kuuliza, kwa kuwa swali lile lilikuwa limeanza kumgeukia yeye mwenyewe.

Simhukumu Isack, wapendwa. Alimpenda mama yake, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini upendo unaolia juu ya makala na usivae buti ni upendo wa namna gani? Wewe uliyepiga picha na mama yako katikati ya nyama na nyimbo, ukaiwekea maneno matamu, ukapongezwa na watu usiowajua, nakusihi geuka. Usiisubiri Desemba ikutakase. Panda mwezi huu wa matope, wakati hakuna mbuzi wala wageni. Ukifika kwenye ua, chuma jani la isale, lile ambalo wazee wetu walilishika walipoomba radhi na ambalo hakuna aliyethubutu kulikataa. Lishike mkononi, ubishe hodi. Akikuuliza kuna msiba gani uliokuleta nje ya Desemba, mwambie hakuna. Kisha keti, nyamaza, na umwache yeye aseme.