Pipa la Apolline

Benchi la kijiji cha Vaumoret limeegemea ukuta wa mizani ya zamani, pale mikokoteni ya zabibu ilipokuwa ikipimwa, hatua tano kutoka mlango wa mgahawa wa Ghislaine. Wenye benchi ni walewale. Kuna Kizibo, aliyeuza vizibo vya chupa miaka thelathini, na mpaka leo mfuko wa koti lake haukosi viwili vitatu. Kuna Mwezi, ambaye hapogoi mzabibu wala hanyoi ndevu kabla hajajua mwezi uko wapi. Na kuna Anselme, mkulima, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyewahi kucheka mbele yake. Alhamisi hiyo Anselme alikuja na chupa iliyokwisha funguliwa, akaiweka katikati ya vikombe vya kahawa, akaketi kwa kishindo. Tangu Jumatatu hakuwa amepata usingizi wa maana.

— Umetuletea chai? — Kizibo aliuliza.

— Divai hiyo.

— Acha masihara, bwana.

— Ni pipa la Apolline.

Hapo hata Kizibo aliacha masihara. Vaumoret mtoto akizaliwa, baba yake huweka kando pipa moja dogo la divai nyeupe ya mwaka huo, tena ya shamba lake la mlimani, si ya bondeni. Huitia kwenye chupa, huifungia chini ya nyumba, na haiguswi mpaka mtoto afunge ndoa. Divai ya kule haitaki pupa. Wazee walisema ikifika miaka kumi inaanza kusema, ikifika ishirini inaimba. Apolline alikuwa na miaka ishirini na minane, na harusi yake ilikuwa Jumamosi. Jumatatu baba yake alishuka kufungua chupa moja tu, ahakikishe. Ikamiminika rangi ya chai ya mkandaa, ikinuka matufaha yaliyopondeka. Akafungua ya pili. Kufikia Jumatano alikuwa amefungua tisa, kutoka kila pembe ya ghala, na zote zilikuwa zimekufa.

— Binti anajua? — Mwezi aliuliza.

— Anashuka na treni ya saa tano. Na wakwe wote ameshawatangazia kwamba kuna divai iliyozaliwa siku moja naye. Nimwambie nini? Siwezi kumwendea mikono mitupu. Angalau nimpe sababu.

— Sababu ipo, wala usihangaike, — Mwezi alisema. — Ni kizibo.

— We! — Kizibo aliruka. — Kazi yangu usinichafulie. Vizibo vile nilivinusa mimi kwa pua hii, kimoja kimoja. Kosa ni zile mashine za kukamulia. Mnakumbuka zilivyoingia mwaka ule? Zinaminya zabibu polepole kama zinamwosha mtoto uso. Maji yanatoka safi, hayana hata vumbi. Baba zenu walikamua mpaka kokwa zikalia, yakatoka meusi tope tupu, na divai ikaishi miaka hamsini. Mtoto asiyechezea mchanga anaumwa na upepo! Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki na divai wapi na wapi?

— Nyeupe unakunywa na nini, na nyama ya ng'ombe?

Anselme aliitazama kahawa yake. Ni yeye aliyekuwa wa kwanza kijijini kuinunua mashine ile, na alitamba nayo mpaka watu wakamchoka. Akajaribu kichwani kumwambia Apolline habari ya mashine. Ilionekana kidogo mno kwa miaka ishirini na minane.

— Mashine haina neno, — Mwezi alisema. — Hebu niambie, uliitia kwenye chupa lini?

— Aprili.

— Aprili tarehe ngapi?

— Nitakumbukaje, ndugu yangu?

— Ndiyo hapo! Mwezi ulikuwa unapanda. Mwezi ukipanda unavuta bahari nzima, wewe na kijichupa chako utauweza? Roho ya divai imevutwa juu, ikapenya kwenye kizibo, ikaenda zake.

— Mnaona? — Kizibo alilalamika. — Tumerudi kwenye kizibo!

— Penye nia pana njia, mzee. Roho ilikuwa na nia.

Ghislaine alitoka na birika, akawaongezea kahawa bila kuulizwa, akabaki amesimama mkono kiunoni.

— Wanaume mna maneno. Hiyo ni kengele.

— Kengele gani tena?

— Ya kanisa. Tangu mpiga kengele afe wakaitia umeme, inalia kila robo saa, mchana na usiku. Na ghala la Anselme limegusana na ukuta wa kanisa. Nani atalala pale? Divai isipolala inazeeka kabla ya siku zake. Haya makunyanzi yangu mnadhani yametoka wapi?

— Kwenye kusengenya.

— Na yako kwenye uongo, Kizibo. Kunywa kahawa.

Kizibo alikunywa, akapata nguvu mpya.

— Basi niwaambie la kweli, maana mmenilazimisha. Ni watalii. Basi zima linashuka ghalani. "Ooh, ya mwaka gani hii? Nzuri hii!" Miaka ishirini wanaisifia na hawaionji. Hata mtoto mchanga ukimsifia hivyo anashikwa na homa. Divai imepigwa jicho.

— Jicho wapi! — Mwezi alisema. — Imesusa. Huyu binti si alihamia Lyon? Pacha wake kabaki gizani peke yake, hakuna hata wa kumjulia hali. Siku binti alipopanda treni ndiyo siku divai iliponuna. Chelewa chelewa, Anselme, utamkuta mwana si wako.

— Mwana ni wangu, — Anselme alisema. — Hilo angalau tusilijadili.

Alisema bila hasira, maana hasira nayo inataka nguvu. Mwaka huu baridi kali ya jalidi ilikuwa imeunguza nusu ya machipukizi, mwaka jana ilikuwa mvua ya mawe, na yote hayo aliyabeba akijua chini ya nyumba kuna kitu kimoja kisichoguswa na hali ya hewa. Sasa hata hicho hakipo. Saa nne ilikuwa imepita na alikuwa na sababu sita, ambazo hata moja asingethubutu kuitamka mbele ya binti yake.

Ndipo akatokea Maryvonne, mama wa bwana harusi, mkate kaubana kwapani. Alikuwa amefika jana tu kutoka Brest, kwa watu ambao kinywaji chao ni cha matufaha na hukinywa kabla mwaka haujageuka.

— Hamjambo jamani. Mkwe, mbona umenyong'onyea hivyo?

Wakamweleza, watatu kwa mpigo: mashine, mwezi, kengele, jicho. Anselme aliisukuma chupa mbele yake. Maryvonne alimimina kidogo kwenye kikombe kitupu, akanusa, akaonja, na kwa adabu hakukunja uso.

— Pole sana, mkwe, — alisema. — Na ilikuwa tamu lini?

— Unasema?

— Kabla haijafa. Hakuna kinywaji kisicho na siku zake. Ilikuwa tamu mwaka gani?

Kizibo alitia mkono mfukoni, akaanza kuvigeuzageuza vizibo vyake. Mwezi alitazama juu, akaambulia jua. Ghislaine alianza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa. Kila mmoja pale alikuwa na pipa lake chini ya nyumba, la mwana au la mjukuu, na hakuna aliyewahi kujua ladha yake.

Anselme alikumbuka Jumapili moja, Apolline akiwa na miaka kumi na mmoja. Haikuwa sikukuu. Odile, mke wake, alikuwa ametoka hospitali juzi yake, kilemba kichwani, na Anselme alimkuta kachukua glasi mbili kaziweka mezani jikoni. "Tufungue moja, Anselme," alisema. "Moja tu, tuijue." Naye akajibu kwamba ile ni ya harusi, iache iive. Odile hakubishana. Alizifuta zile glasi, ingawa zilikuwa safi, akazirudisha kabatini. Walimzika kabla ya mavuno.

Labda Jumapili ile divai ilikuwa tamu. Labda ilikuwa inaimba kweli, wala hapakuwa na haja ya kuingoja zaidi.

— Sijui, mkwe, — alisema. — Hatukuwahi kuionja.

Machozi yakamtoka pale pale mbele za watu, mwanaume wa miaka sitini na saba, na hakuyafuta. Maryvonne alimshika bega. Kisha Anselme akasimama, akashika njia ya stesheni kumlaki Apolline, na hakuwa na sababu ya kumpelekea ila yeye mwenyewe.