Sebule Waliyoijenga Watu wa Filamu

Sogeeni karibu, wanangu wanne, na anayelia alie kimyakimya, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusemea tu.

Dunia nzima imeiona ile filamu yenu: baba yenu, fundi wa matairi, akiwafundisha mbio za kupokezana vijiti kwa kipande cha bomba, mabinti wanne wa tumbo moja, mpaka mkatwaa ubingwa wa taifa. Mwishoni mnakumbatiana, watu wanatoka ukumbini wakifuta machozi. Ni kweli, mlishinda. Lakini filamu iliishia pale uwanjani, mimi nikaendelea kuishi. Baba yenu akatangulia, ninyi mkatawanyika kila mmoja na mji wake, nami nikabaki napika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria ya watu sita.

Wale wa filamu walijenga sebule yetu ndani ya ghala, meza kama yetu, pazia kama letu. Waliniita siku moja tu niwaonyeshe vitu vilikaaje. Nikaenda kila siku mpaka wakamaliza. Mlidhani nafuata sifa. Nilifuata meza yenye watu. Mwigizaji aliyeigiza kama baba yenu aliponyanyua kikombe, nikamwambia, "Hakushika hivyo." Akauliza, "Alishikaje, mama?" Nikamwonyesha, na mkono wangu ukagoma kukirudisha kikombe mezani. Yule binti aliyeigiza kitindamimba hunipigia simu mpaka leo kunijulia hali. Kitindamimba, usiinamishe kichwa, sikusemi, nasimulia. Kisha wakafungua kuta, wakazipakia kwenye lori, nikarudi kwangu.

Sasa wewe wa pili, na wewe wa tatu. "Ulinipa kijiti vibaya." "Wewe ndiye uliyeanza kukimbia mapema mno." Miaka yote hiyo! Wenzenu hugombania walichokosa, ninyi mnagombania mlichoshinda. Siku ya uzinduzi wa filamu mmoja alikaa kushoto kabisa mwa ukumbi, mwingine kulia kabisa, kila mmoja akiogopa kuja kwangu asimkute mwenzake, na mimi, mama wa mabingwa, nikaitazama familia yangu nikiwa katikati ya viti viwili vitupu. Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Nimelima mpaka nimechoka, wanangu, kikapu sijakiona.

Nyumba hii ni yenu nyote, isigawanywe wala isiuzwe. Wa kwanza ashike ufunguo, asishike amri. Cherehani apewe kitindamimba, ingawa hata kutunga uzi hajui. Nilazeni kando ya baba yenu. Na nguo ya mwisho asinivike mtu mwingine ila wa pili na wa tatu, peke yenu, wengine wakae nje. Maiti ni mzito, mmoja hawezi kumwinua, itabidi mwambiane, "Shika hapo. Haya, sasa inua." Mkishaambiana hilo, mengine yatafuata yenyewe.

Radhi yangu mnayo, wote, bila kinyongo. Mungu awape afya, na awape watoto... watoto wanaobisha hodi bila kuitwa.

Maji... hapana, acha, usiinuke. Hakuna anayeinuka. Kaeni hivyohivyo... nisikie tu mnavyopumua.