Jinzi ya Mzee wa Chai

Basi lilikuwa linakaribia soko la Chepseon. Kwenye kiti cha nyuma ya Oketch, fundi wa nguo, Chelangat alikuwa akisikiliza mazungumzo. Mzee aliyeketi kando ya Oketch, ambaye hawakujuana, alisikia kwamba yeye ni fundi na alikuwa amempa aitazame jinzi yake ya kuchumia chai, magoti yamechanika.

"Mzee, hivi vishikizo vya shaba vinavyokaza pembe za mifuko vilibuniwa Amerika na fundi mhamiaji," Oketch alisema. "Hata mshirika wake aliyeuza jinzi hizo alikuwa mgeni kule."

"Na hawakufukuzwa?" mzee aliuliza, akishusha sauti. "Ile karatasi iliyobandikwa sokoni umesoma?"

"Nimesoma. Inasema sisi watu wa asili ya ziwani tuwe tumeondoka hapa kufikia Jumapili."

"Basi enda, fundi. Hao hawachezi."

"Niende wapi? Mimi nilizaliwa hapa."

Chelangat alitamani kumwambia kwamba si wote waliomtaka aondoke. Lakini kwanza aliwatazama abiria wengine, kwa kuwa hakujua ni nani kati yao aliyeibandika karatasi ile. Akageukia dirisha.

Basi liliposimama sokoni, mzee aliinuka. Oketch akamrudishia jinzi, lakini mzee akaisukuma tena mapajani mwa fundi.

"Shona magoti vizuri. Nitaichukua kwako Jumatatu, Jumapili yao ikishapita."

Watu wakashuka. Hicho kilikuwa kituo cha Oketch pia, lakini alibaki ameketi, ameikumbatia jinzi, hajui ashuke au aendelee na safari.