Mzee Kilo na Picha ya Watu Wote

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza kaka yetu, wakubwa shikamooni, na wote poleni. Mimi ni dada yake, kitinda mimba wa mama yetu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu, wanasema, siogopi watu. Marehemu angeuliza kwanza ni akina nani hao wanaosema.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi wa reli, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu akipewa kikombe cha maziwa alichungulia ndani kabla ya kunywa, na akiulizwa anatafuta nini, anajibu, “Bado sijajua.” Hakubadilika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1969. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Siku moja alirudisha karatasi ya mtihani wa hesabu na kusema, “Mwalimu, umenizidishia alama.” Mwalimu akashtuka, akakusanya karatasi za darasa zima na kuzisahihisha upya. Wenzake wengine wako hapa leo na nywele zao nyeupe, na naona sura zao: jambo lile bado hawajalisamehe.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika idara ya vipimo, akawa mkaguzi wa mizani mpaka alipostaafu mwaka 2011. Soko zima lilimwita Mzee Kilo. Hata wifi yangu alipomtuma nyama ya nyumbani, alikwenda na jiwe lake la kilo mfukoni. “Kabla ya nyama, pima hili,” anamwambia mwenye bucha. Wenye mabucha walimpa na majina mengine, lakini hayasomeki msibani. Kwake yeye hapakuwa na neno baya kuliko kupunja. Mwizi angeweza kumhurumia, mpunjaji hapana.

Tarehe 14 Julai 1979 alimwoa wifi yangu, aliyekuwa mpokea simu wa idara. Uchumba ulichukua miaka mitatu kwa kuwa bwana harusi alikuwa “bado anachunguza.” Wifi akachoka, akamwambia, “Baba, mimi si gunia la sukari. Oa au niache nikapokee simu.” Akaoa. Mungu akawajalia watoto watatu: wa kiume ndiye wa kwanza, kisha muuguzi, kisha fundi cherehani.

Sasa nifike penyewe. Najua mnapasubiri, maana maneno yamezagaa mpaka kwenye foleni ya maji.

Mtoto wa kwanza alisomea upigaji picha, akafungua studio, na watu humwita Fundi. Baba yake alipostaafu, alimpiga picha nzuri ya ukumbusho. Kabla ya kuitoa akaisafisha kwenye kompyuta, akafuta makunyanzi yote na kovu la kwenye paji la uso. Alidhani anamtunza mzee. Marehemu akaishika ile picha, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. “Huyu nani? Umempunja mtu.” Kijana akachukua begi lake na kuondoka. Tangu siku hiyo salamu za baba na mwana zikawa zinapitia kwa mama, na mama wa watu akageuka posta.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Muuguzi, ambaye alielewa vipimo vya hospitali kuliko sisi, akasema tupange picha ya familia, ya kitaalamu, wote tukiwa tumevaa vizuri. Marehemu akamkazia macho. “Kwa nini sasa? Daktari kakwambia nini ambacho mimi sijaambiwa?” Binti akasema hakuna kitu. Baba akasema, “Haya,” kwa ile sauti ya mkaguzi aliyeona mkono wa mizani unatetemeka.

Ukaanza msako wa mpiga picha. Tuliwaita nyumbani, na marehemu akawahoji sebuleni mmoja mmoja. Wa kwanza alichunguza madirisha akitafuta mwanga. Akakataliwa, maana “anayeangalia dirisha namna ile atarudi usiku bila kamera.” Mwingine alitaka wote turuke juu kwa pamoja. Mgonjwa wa figo aruke! Mwingine alisifiwa mno na mwenye duka la jirani, nalo likamponza, eti sifa nyingi hivyo hazitolewi bure. Kila mmoja aliulizwa, “Unafuta makunyanzi?” Aliyesema ndiyo alionyeshwa mlango. Aliyesema hapana aliambiwa anadanganya.

Kitambaa kilishashonwa nguo, cha bluu kwa wanawake na kijivu kwa wanaume. Viti vilishapangwa barazani, wifi akafuta vumbi, akafuta tena. Na mgonjwa alikuwa anapungua, tunamwona.

Ndipo muuguzi akapasuka. “Baba! Kuna mpiga picha mmoja hujamhoji. Ni mwanao.”

“Huyo hapana,” akasema marehemu.

Wifi alinyanyuka, akaenda jikoni. Mimi nikawaka. Nilimwambia, “Kaka, unataka kwenda kaburini na kinyongo cha picha? Picha tu?” Wote mle ndani tulikuwa tumeshamhukumu.

Akatuangalia kwa zamu, na macho yake yalikuwa yamejaa. “Kinyongo gani? Nyie watu mnashuku kupita kiasi. Akipiga yeye, atakaa wapi?”

Hatukumwelewa. Akapigapiga kochi upande wake wa kulia. “Si mnasema picha ya familia? Fundi akiwa nyuma ya kamera, hapa atakaa nani?”

Kutoka jikoni tulisikia wifi akilia.

Fundi alipopigiwa simu hakuamini. “Baba aniite mimi? Kuna mtego hapo.” Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hata hivyo alikuja, akasimama mlangoni na begi la kamera begani, kama mtu aliyeitwa kazini. Marehemu akamwambia, “Weka hilo begi chini. Ukaguzi umenishinda, mpiga picha umchague wewe.”

Fundi akamleta mama mmoja aliyemfundisha kazi. Marehemu akauliza swali lake lile lile la makunyanzi. Yule mama akamgeukia mwanafunzi wake. Fundi akasema polepole, “Usiguse hata moja.”

Picha ilipigwa barazani tarehe 3 Februari 2024. Fundi hakutulia, mara taa isogezwe, mara kiti kivutwe, mpaka baba yake akamshika mkono. “Tulia, mwanangu. Leo si kazi yako.” Ndiyo picha mnayoiona mbele ya ratiba ya mazishi mliyoshika. Msidhani ule mkono ulipangwa.

Hali ya marehemu ilizidi kudhoofu mwezi Mei. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, mkewe na wanawe wote watatu wakiwa kitandani pake. Kabla ya hapo alimwuliza daktari kama kipimo chake cha presha kimekaguliwa mwaka huu. Daktari akasema hajui. Marehemu akatutazama, kana kwamba anasema, mmeona?

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, mimi dada yake, na kaka yetu mkubwa ambaye afya haikumruhusu kusafiri.

Neno la mwisho. Tangu asubuhi nawasikia mkinong’ona: mbona msiba wa Mzee Kilo unapigwa picha na mgeni, na mwanawe ni fundi? Wamegombana tena? Hapana, jamani. Msimtafute nyuma ya kamera. Yuko mstari wa mbele, kwenye kiti cha mtoto wa kwanza, alipowekwa na baba yake.

Mungu ampumzishe kaka yetu kwa amani.