Bahasha za Dirisha la Wodi ya Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa hospitali yetu, Daktari Bingwa mliyemzoea kwa jina la Mtafiti Mkuu, Matroni, wauguzi wenzangu, ndugu zetu wa jikoni na wa dobi, wageni waalikwa. Nawe Bwana Asilimia, uliyejibanza huko nyuma karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuulizia choo. Nawasalimu nyote.

Nimesikia sifa mlizonimwagia tangu asubuhi katika sherehe hii ya kustaafu kwangu. Mmesema kwa miaka thelathini na moja sikuchelewa zamu hata siku moja, na hilo ni kweli. Mmesema nina huruma, na hilo pia ni kweli, ila hiyo huruma ndiyo iliyonisimamisha hapa.

Wengi wenu mnakumbuka ule utafiti wa dawa mpya ya homa ya uti wa mgongo, miaka tisa iliyopita. Kila mgonjwa akiingia Wodi ya Nne, nilitakiwa kuchukua bahasha inayofuata kwenye boksi, niifungue, nisome: dawa mpya au ya zamani. Mtafiti Mkuu alituonya tusichague, bahati ndiyo igawe, ili pande zote mbili ziwe na mahututi na wenye nafuu. Tukaitikia wote, na mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wenzangu.

Lakini zile bahasha zilikuwa nyembamba, jamani, na meza yangu ilikuwa dirishani.

Siku ya tatu akaletwa baba wa watoto watano, hajitambui, mkewe amemshika mguu. Niliinua bahasha kwenye mwanga, nikaona maandishi ya dawa ya zamani. Nikairudisha mwishoni ndani ya boksi, nikachukua nyingine. Nani kati yenu asingefanya hivyo? Kesho yake nikarudia, na keshokutwa, mpaka ikawa mazoea. Waliozidiwa wote niliwapa dawa mpya, na wenye nafuu nikawaachia ile ya zamani.

Mshereheshaji, kaa tu mdogo wangu. Nikimaliza nitakurudishia kipaza sauti kwa mkono wangu.

Mnajua kilichofuata. Wa dawa mpya, ambao ndio waliokuja mahututi, walikufa wengi, ikasemwa dawa inaua, utafiti ukasimamishwa na faili likafungiwa kabatini. Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa, mtakwimu wetu, Bwana Asilimia. Alisema mbele ya kikao, na mimi nikiwa pale nagawa chai, "Wagonjwa hawa hawakugawanywa na bahati. Kuna mkono wa mtu." Akaambiwa anachafua majina ya wenzake. Akahamishiwa stoo, mpaka leo anahesabu mashuka. Nami nikaendelea kumimina chai. Niliogopa kupoteza kazi yangu, na hapo hakukuwa na huruma yoyote.

Mwezi jana alifia mikononi mwangu binti wa miaka kumi na tisa, kwa homa ileile, akiwa kwenye dawa ileile ya zamani. Mama yake akaniuliza, "Dada, hakukuwa na dawa nyingine?" Nikamjibu tumempa iliyopo. Je, ile mpya ingemponya? Sijui. Mtafiti Mkuu hajui. Hakuna anayejua, na hatujui kwa sababu yangu.

Nilitoka pale nikaenda stoo, nikamweleza Bwana Asilimia kila kitu, tumesimama katikati ya mashuka. Nilitegemea anitukane. Alivua miwani, akakaa juu ya furushi, akasema, "Miaka tisa nimekuwa nikijiuliza kama nilikosea hesabu."

Hukukosea, kaka yangu. Nalisema mbele ya waliokuhamisha: hukukosea hata tarakimu moja. Nisamehe.

Mkurugenzi, naona umeacha kutazama saa. Nashukuru. Hiyo zawadi mliyoifunga kwa utepe, iacheni mezani kwanza. Sitaigusa kabla faili halijatoka kabatini na utafiti haujaanza upya, chini ya mtu asiyeniogopa wala kunionea haya. Mkiona nastahili adhabu, nyumbani kwangu mnapajua, na kuanzia kesho nitakuwepo kutwa nzima.

Maelezo yangu nimeyaandika yote, namba za vitanda na siku, kadiri ninavyokumbuka. Bwana Asilimia, tafadhali njoo mbele uyapokee wewe, uyasome kabla ya mtu mwingine yeyote. Mpisheni njia, jamani, apite.

Karibu, kaka. Chukua. Bahasha hii sikuifunga, huna haja ya kuipeleka dirishani.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza mpaka mwisho. Mshereheshaji, kipaza sauti chako hiki hapa.