Mlango wa Chumba cha Nyuma

Sogeeni karibu, wanangu, sauti inanikatika. Mama mkubwa ndiye aliyenisimulia kwanza, siku niliyotimiza miaka kumi, kwamba baba yao, yeye na mama yangu, fundi wa kufuli, hakuwahi kumpa mtoto wake ufunguo wa nyumba; kila mmoja alichonga wake. Kesho yake mama, aliyerithi kazi ile, akanikalisha mbele ya jiliwa, kile chuma cha kubania kazi, akanipa tupa ya kukerezea na kipande cha shaba kisicho na meno.

Nilikipaka masizi ya mshumaa, nikakitia kwenye kufuli, nikakizungusha, kisha nikapiga tupa pale tu masizi yalipofutika. Niliharibu vipande vinne. Kaka yangu akawa ananiita mpangaji wa kibarazani. Siku ya tatu, saa kumi jioni, mlango ukafunguka, nami nikangoja sifa, mama akaufunga, akasema, "Fungua tena." Tangu siku hiyo sijaogopa kitu kilichofungwa.

Nanyi niliwafundisha hivyo hivyo. Binti yangu mkubwa, ulimaliza kwa siku mbili, ukanipita mimi, nami nilijisifu mtaa mzima nikisingizia nimetoka kununua sukari. Karakana ni yako, na jiliwa, na tupa zote. Wewe wa katikati, nyumba ya mbele ni yako. Ulichelewa, lakini hukuomba msaada.

Kitinda mimba wangu, kosa ni langu. Nilikuonea huruma vidole vilipochubuka, nikakupa ufunguo wangu, nikawaambia wenzako umemaliza. Dada yako aliyajua meno ya ufunguo wangu alipoyaona, akanisitiri miaka thelathini. Nawe mpaka leo hata bomba likivuja unapiga simu. Chumba cha nyuma ni chako. Nimekifunga, na ufunguo wake nimeusaga wote kwa tupa. Jana ulipojua ukaniambia, "Baba, basi nitaleta fundi." Fundi gani tena, katika nyumba hii? Ukae mwenyewe mbele ya jiliwa, uchonge. Dada yako asikushikie tupa, mlango usivunjwe, nanyi wakubwa, akiharibu vipande kumi msimcheke, mpeni cha kumi na moja.

Mungu aibariki mikono yenu... iwe na kazi. Mama mkubwa hayupo, mama hayupo, kaka tulimzika mwaka jana. Waliochonga mbele ya mama nimebaki mimi. Waliochonga mbele yangu ni ninyi wawili tu. Na wa tatu... acheni dirisha wazi, niisikie tupa.