Mama Akiba na Ziada ya Jiji

Tarehe 30 Juni, Mweka Hazina wa jiji letu, ambaye sote tunamwita Mama Akiba, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Mimi ni msaidizi wake. Nimeombwa niandike kwa ufupi na kuwasomea hapa kwenye hafla ya kumuaga, na yeye mwenyewe ameniomba nisimpambe.

Alianzia dirisha la malipo, ghorofa ya chini, akiwa binti mwembamba aliyetoka chuoni juzi juzi. Wafanyabiashara walikuja kulipa kodi wamenuna, naye aliwapokea kwa "pole kwa kulipa" mpaka wakacheka. Hapo ndipo alipokutana na fundi seremala mmoja mwenye karakana nyuma ya soko, aliyebishia kila risiti. Ubishi huo ulizaa ndoa, watoto watatu na wajukuu, na bado haujaisha.

Jina la Mama Akiba alilipata mwaka ule bomba kuu la maji lilipopasuka na jiji halikuwa na kitu. Tulikopa, mishahara ikachelewa, na wengine wetu tulilishwa na mashemeji. Tangu hapo hakuna kikao alichotoka bila kusema tuweke akiba.

Kisha ukaja mwaka wa neema. Stendi mpya ilifunguliwa, biashara zikachangamka, na makusanyo ya kodi yakapita bajeti kwa mbali. Yeye alitaka ziada yote iwekwe. Baadhi ya madiwani walitaka irudishwe kwa walipa kodi. Wananchi wakaitwa ukumbini kutoa maoni. Feni hazikuwa zikizunguka, na waliokosa viti walichungulia madirishani. Mama Akiba alieleza vizuri hadi nikajikuta napiga makofi peke yangu. Ndipo akasimama mumewe.

"Huyu mama mnayemsikiliza ni mke wangu," alisema. "Nyumbani mimi humsikiliza kila siku. Leo naomba anisikilize yeye."

Ukumbi ukaangua kicheko. Halafu fundi akaacha utani. Alisema amelazimika kumwachisha kazi fundi mwenzake kwa kukosa hela ya mbao, huku hela yake imelala benki kwa jina la jiji. "Mlituambia mnahitaji kiasi fulani, tukatoa. Mmepata zaidi. Kama mnataka kutuwekea, mbona hamkutuuliza?"

Madiwani walipiga kura. Ziada irudishwe, kwa tofauti ya kura moja.

Kesho yake tuliingia ofisini tukinyata. Yeye alikuwa keshafika na keshapanga meza.

"Tumeshindwa," alisema. "Sasa turudishe vizuri."

Wapo waliopendekeza tuipunguze kimyakimya kwenye kodi ya mwaka unaofuata. Alikataa katakata: kila mtu apokee chake mkononi. Basi dirisha lile lile la kupokea likaanza kutoa. Watu hawakuamini. Bibi mmoja aliuliza nani amefariki. Mzee mwingine aligoma kusaini mpaka aje na mkwewe mwanasheria.

Mumewe naye alipanga foleni. Zamu yake ilipofika, akamkuta mkewe dirishani, akaombwa kitambulisho.

"Mama watoto, hunijui?"

"Nakujua sana. Kitambulisho."

Ikabidi arudi nyumbani kukifuata, foleni nzima ikimcheka. Hela aliyopata alinunulia mbao, na fundi mwenzake akarudi kazini.

Siku moja tukinywa chai, Mama Akiba aliniambia kwamba pale ukumbini hakuumia kwa kushindwa. Aliumia kwa sababu swali la mumewe hakuwa na jibu lake. Ziada nyingine ilipopatikana, alizunguka kata kwa kata, akakaa kwenye madawati ya shule na wananchi na kuwauliza: tuweke kiasi gani, na kwa ajili ya nini? Ndivyo tulivyopata utaratibu wa sasa: akiba ina kikomo, na ikijaa, kinachozidi kinarudi kwa wenyewe. Mwaka jana pampu kubwa ya maji ilipokufa, tulinunua nyingine bila kukopa, na mishahara ikaingia siku yake. Yeye anasema kikomo hicho ni kidogo. Mumewe anasema ni kikubwa mno. Mkitembelea nyumba hiyo, msiguse mada hiyo kabla ya kula.

Juzi tulichangishana kumnunulia zawadi, tukanunua, na hela ikabaki. Kamati ilibishana mchana kutwa: tuiweke kwa ajili ya mstaafu ajaye, au turudishiane? Mwisho tukamfuata atuamulie. Akavua miwani.

"Mmewauliza waliochanga?"

Hatukuwa tumewauliza.

"Sasa mimi mnaniuliza nini?"

Tukaenda kuwauliza. Wawili walidai chao, na wamepewa. Waliobaki wamesema tunywe soda. Kwa hiyo, ndugu zangu, soda mlizoshika sasa hivi ni uamuzi halali wa wenye hela.

Ahsante, Mama Akiba, kwa kazi yako na kwa kutufundisha kushindwa bila kununa. Nenda kapumzike salama, wewe na fundi wako. Tunawaombea afya njema, na siku nyingi, nyingi sana, za kubishana.